Siafu, Treni ya Pili na Kasi ya 0.75

ZUHURA: Karibuni tena wapenzi wasikilizaji, tuko Kigoma. Bakari ameingia studio leo hata salamu yenyewe nusu. Haya kaka, toa.

BAKARI: Jumamosi, pale Ujiji, kwenye kibanda umiza. Kabla ya mpira waliweka filamu bubu, One Week ya mchekeshaji wa Marekani Buster Keaton, ya mwaka 1920. Kijana mmoja kule nyuma akapaza sauti: "Mbona hawa wanakimbia kama siafu waliomwagiwa mafuta ya taa?" Kibanda kizima kikaangua kicheko. Walicheka maneno yake, Zuhura. Keaton hawakumcheka.

ZUHURA: Pole. Ila leo tuna mambo matatu ya vichekesho vya filamu bubu: anguko, ngazi, na uso usiocheka. Tuanze na anguko.

BAKARI: Tumalizane na siafu kwanza. Dakika mbili.

ZUHURA: Dakika mbili zako wasikilizaji wanazijua.

BAKARI: Kamera za wakati ule zilizungushwa kwa mkono. Mzunguko mmoja ulipitisha picha 8, kwa hiyo mizunguko miwili kwa sekunde ni picha 16. Wapiga kamera wengi walizidisha kidogo. Filamu za sauti zilipokuja, kasi ikafungwa kwenye picha 24 kwa sekunde. Sasa chukua mkanda wa futi 1,000, wenye picha 16,000. Kwa kasi ya 16 unakwenda dakika 16 na sekunde 40. Upitishe kwa 24, dakika 11 tu umekwisha. Siafu wametokea hapo.

ZUHURA: Na kinachopotea ni uzito wa mwili. Mtazame Chaplin kwenye One A.M. ya mwaka 1916. Karibu filamu nzima yuko peke yake, amelewa, anapigana na ngazi za nyumba aliyoizoea. Mguu umeshapanda, mwili bado unajiuliza. Raha yote iko kwenye kule kusita. Ukimnyang'anya theluthi ya muda, kusita hakuonekani tena, unabaki na mwanasesere anayerushwarushwa. Dawa ni rahisi: fungua video kwenye VLC, ile programu ya kuchezea video, shusha kasi hadi 0.75. Ishirini na nne mara 0.75 ni 18. Mwili unarudisha kilo zake.

BAKARI: Hapana, subiri. Utawaponza watu. Nakala nyingi zimesharekebishwa kasi tayari. Aliyeihamisha filamu kuwa video anachukua picha 18 na kurudia kila picha ya tatu, zinatimia 24. Mtu akishusha tena hadi 0.75, Chaplin anatembea kama yuko kwenye tope la masika.

ZUHURA: Hilo kweli. Basi apime kwanza. Kwenye kompyuta, simamisha video, halafu bonyeza kitufe cha E, VLC inasogea picha moja moja. Ukiona picha mbili zimefanana kabisa, halafu baada ya picha mbili hivi zinafanana tena, usiguse kasi.

BAKARI: Na kipimo cha pili, hiki nakipenda zaidi. Tafuta kitu kinachoanguka. Kutoka mita 1.2, usawa wa kifua, kitu kizito kinafika chini kwa karibu nusu sekunde, uwe Marekani au Mwanga sokoni. Hesabu picha tangu kiachiwe hadi kigonge, zile zilizorudiwa uziruke. Zikiwa 8, kamera ilikwenda kwa 16. Zikiwa 10, ni 20. Zikiwa 6, mpiga kamera alizungusha kwa 12 makusudi, ili mbio ziwe kali.

ZUHURA: Kiwe chungu au tofali. Kofia itakudanganya, upepo unaishika.

BAKARI: Sasa umejinasa mwenyewe. Kama tukio moja limepigwa kwa 12 na jingine kwa 20 ndani ya filamu ileile, hiyo 0.75 yako inamfaa nani? Walijua wanachofanya. Na kumbi zenyewe zilikuwa zikionyesha kwa kasi kuliko kamera ilivyokwenda.

ZUHURA: Wenye kumbi waliharakisha wapate maonyesho mengi kwa siku. Haraka ya muuza tiketi si sanaa ya Keaton! Na mbio zilizopigwa kwa 12, kwa 18 bado ni mbio, mara moja na nusu ya kawaida. Kwa 24 zinakuwa mara mbili. Siafu hao.

BAKARI: Twende kwenye treni. Mle ndani ya One Week, nyumba imekwama juu ya reli. Mume na mke wanahangaika, treni hiyo inakuja. Wanafumba macho. Treni inapita njia ya pembeni, haijagusa hata ubao. Wanashusha pumzi. Papo hapo inatokea nyingine upande wa pili na kuisambaratisha nyumba.

ZUHURA: Na mtu wa Kigoma anaingia mzimamzima. Reli yetu ya kati, ukishatoka stesheni, njia ni moja. Njia ya pembeni hatuitarajii kabisa.

BAKARI: Kwa hiyo ile pumzi lazima iwe fupi! Ukiirefusha kwa 0.75, mtazamaji anapata nafasi ya kuwaza, "kumbe njia ni mbili". Akishawaza hivyo, ya pili anaisubiri.

ZUHURA: Pumzi ikiwa fupi mno hajaipumua. Lazima aamini kabisa kwamba nyumba imepona, ndipo imgonge. Mimi hapo nataka hata mabega yao yashuke nione.

BAKARI: Mabega yanaonekana kwa 24.

ZUHURA: Yanatetemeka kwa 24.

BAKARI: Sikubali.

ZUHURA: Wala mimi. Fundi mitambo ananionyesha vidole viwili, dakika mbili zimebaki.

BAKARI: Na anguko hatujaligusa.

ZUHURA: Wala ngazi, wala uso. Wasikilizaji, mwenye nakala yake aipime kwanza kwa E. Kama haina picha za kurudiwa, aione treni ya pili kwa kasi ya kawaida, kisha kwa 0.75. Atutumie ujumbe wa sauti, na aseme alishtuka wapi.

BAKARI: Kwa ya kawaida.

ZUHURA: Kwa 0.75, Bakari.

BAKARI: Halafu Jumamosi twende wote Ujiji, tukae nyuma, karibu na yule kijana wa siafu.

ZUHURA: Nitakuja na kompyuta yangu.