Kikomo cha Ufadhili wa Vyuo Vikuu Kiwekwe Wapi?

Mheshimiwa mwenyekiti, walimu wenzangu, wazazi na wanafunzi mliofika jioni hii,

Sina ubishi na haki ya serikali ya kuwekea kikomo ufadhili inaowapa wanafunzi, kwa kuwa fedha za umma zina mwisho. Ninalotaka tulitazame ni mahali kikomo hicho kilipowekwa katika mpango wa Kenya uliotangazwa Mei 2023, kwani naamini kimewekwa pasipostahili.

Zamani serikali ilipeleka ruzuku moja kwa moja vyuoni, na mwanafunzi aliyedahiliwa kwa udhamini wake alilipa karo ya shilingi 16,000 hivi kwa mwaka. Mpango mpya uliamua fedha zimfuate mwanafunzi. Kwa mpangilio wa mwaka 2024, familia zilipimwa kipato na kupangwa katika makundi matano, na kundi ndilo lililoamua jinsi gharama ya kozi itakavyogawanywa kati ya ufadhili, mkopo na mfuko wa mzazi. Kundi la kwanza, la wenye kipato kisichozidi shilingi 5,995 kwa mwezi, lilipewa ufadhili wa asilimia 70 na mkopo wa asilimia 25, mzazi akabakiwa na asilimia 5. Mzazi wa kundi la tano, mwenye zaidi ya shilingi 120,000, alitakiwa kulipa asilimia 40.

Asilimia 5 yasikika kuwa haba, lakini ni asilimia 5 ya nini? Kozi ikigharimu shilingi 150,000 kwa mwaka, mzazi atalipa 7,500. Ikigharimu 600,000, atalipa 30,000, yaani zaidi ya kipato chake cha miezi mitano. Mzazi ni yuleyule na shamba lake ni lilelile. Kilichobadilika ni kwamba mwanawe alifaulu vizuri akaitwa kusomea udaktari.

Mama mmoja aliniletea barua ya binti yake, akaifungua kutoka kwenye pindo la leso. Jumla ya karo ilikuwa imezungushiwa duara la penseli. Aliniuliza, “Mwalimu, akibadilisha kozi, hii itapungua?” Jibu la kweli lilikuwa ndiyo, na sijapata kutamka neno zito kama hilo.

Iko pia mipaka ya makundi yenyewe. Kundi la tatu liliishia kipato cha shilingi 70,000, mzazi akilipa asilimia 20, na hapo likaanza la nne, la asilimia 30. Katika kozi hiyo ya 600,000, nyongeza ndogo ya mshahara ingeweza kumwongezea mzazi karo ya shilingi 60,000.

Tarehe 20 Desemba 2024 Mahakama Kuu ilitamka kwamba mpango huo unakiuka Katiba, kisha Mahakama ya Rufaa ikasitisha utekelezaji wa uamuzi huo. Hoja za kisheria nawaachia mawakili, maana hesabu hii haitengenezwi na hukumu.

Napendekeza kikomo kiwekwe kwenye mzigo wa mzazi, tena kwa shilingi: familia maskini isivuke kiasi kilichotajwa, kozi iwayo yote, na mchango wa wengine upande kidogo kidogo kulingana na kipato. Pengo litakalotokea lizibwe kwa kupunguza ufadhili wa asilimia 30 uliotengewa kundi la tano. Najua wengi wenu mumo katika kundi hilo. Nami nimo, na niko radhi kulipa zaidi.