Charles Huggins: Kutoka Tezi ya Mbwa hadi Damu ya Mgonjwa

Mabwana na mabibi, walimu wangu, na ninyi wanafunzi wa tiba mliojaa hadi mlangoni, asanteni kwa kuja.

Nimeombwa nizungumzie saratani ya tezi dume, lakini nitaanza na tezi yenyewe ikiwa nzima, maana mtu ninayetaka mumjue leo alianzia hapo. Tezi hii iko chini ya kibofu, imeuzunguka mrija wa mkojo, na hutoa sehemu ya majimaji yanayobeba mbegu za kiume. Ndiyo kazi yake. Miaka tisini iliyopita wapasuaji waliifahamu zaidi kwa shida zake, inapovimba na kumzuia mzee asikojoe. Wachache sana walijiuliza inaendeshwa na nini.

Charles Huggins alijiuliza. Alizaliwa Halifax, Kanada, mwaka 1901, akapata shahada ya udaktari Harvard mwaka 1924, akajifunza upasuaji Michigan. Mwaka 1927 alichukuliwa na Chuo Kikuu cha Chicago, kilichokuwa kinaanzisha shule mpya ya tiba. Akapewa idara ya magonjwa ya njia ya mkojo. Fani hiyo hakuwa ameisomea kwa undani, ikambidi ajifundishe mwenyewe. Baadaye akaenda London, kwenye Taasisi ya Lister, kwa mwanakemia Robert Robison, aliyechunguza namna mfupa unavyojijenga na kimeng'enya, yaani protini inayoharakisha kazi za kikemia mwilini, kinachoitwa fosfatasi. Shikeni neno hilo, fosfatasi. Tutalihitaji.

Aliporudi Chicago alitaka kujua maji ya tezi dume yana nini ndani yake na yanatoka kiasi gani. Swali jepesi kulisema, gumu kulifanyia kazi, kwa kuwa maji hayo huchanganyika na mkojo na majimaji mengine. Yeye na wenzake wakabuni upasuaji kwa mbwa: waliitenga tezi na njia ya mkojo ili maji yake yatoke peke yake kupitia tundu, safi, yakakusanywa na kupimwa. Taarifa ya njia hiyo ilitoka mwaka 1939. Mbwa mmoja aliweza kupimwa mara kwa mara kwa miezi mingi, mwili wake mwenyewe ukilinganishwa na mwili wake mwenyewe. Ninyi mnaojifunza utafiti, hapa pananistaajabisha kuliko pote katika maisha ya mtu huyu. Alipata kipimo kwanza. Kabla ya dhana yoyote kubwa alikuwa na mililita zilizoandikwa daftarini.

Na mililita zile zikasema. Mbwa akiondolewa korodani, tezi ilisinyaa na maji yakakauka. Akichomwa testosteroni, homoni ya kiume, maji yakarudi. Akipewa estrojeni, homoni ya kike, yakapungua tena. Tezi nzima ilikuwa inaishi kwa homoni kama taa inavyoishi kwa mafuta.

Sasa, mbwa ana jambo ambalo wanyama wengi hawana: akizeeka, tezi dume yake huvimba yenyewe, kama ya binadamu. Huggins alisimulia baadaye kwamba mwanzoni walikereka wakikuta mbwa mwenye uvimbe, kwa kuwa aliwaharibia vipimo. Kisha wakaanza kuwatafuta mbwa hao kwa makusudi. Wakawaondolea korodani, na uvimbe ukanywea. Mtu mwingine angewatoa mbwa wale kwenye hesabu na kuendelea na kazi yake.

Hapo ndipo swali likavuka kwa binadamu. Enzi hizo madaktari wengi waliamini kwamba seli ikishakuwa ya saratani imeasi moja kwa moja, haisikii tena amri ya mwili. Huggins akauliza: je, seli ya saratani iliyozaliwa ndani ya tezi inayotii homoni, haiwezi kuwa bado inatii? Lakini ataupimaje uvimbe ulio ndani ya mifupa ya mgonjwa? Hapa linarudi neno letu. Mwaka 1938 Alexander na Ethel Gutman walikuwa wameonyesha kwamba saratani ya tezi dume ikishasambaa, aina moja ya fosfatasi, fosfatasi asidi, hupanda katika damu. Tezi dume huitengeneza kwa wingi. Huggins, aliyekwisha kuishi na vimeng'enya hivyo, akaona amepata kwa mgonjwa kile alichokuwa nacho kwa mbwa, yaani namba ya kufuatilia.

Mwaka 1941, pamoja na Clarence Hodges, alichapisha matokeo. Wagonjwa wenye saratani iliyosambaa walipoondolewa korodani, au kupewa estrojeni, fosfatasi asidi ilishuka. Walipochomwa testosteroni, ilipanda. Mwaka huohuo ikatoka taarifa ya wagonjwa 21 waliofanyiwa upasuaji. Wengi walipata nafuu. Jamani, saratani hii ikifika kwenye uti wa mgongo na nyonga, mtu hawezi hata kugeuka kitandani. Baadhi ya watu wa namna hiyo maumivu yaliwaachia katika siku chache, wakarudiwa na hamu ya kula. Wanne kati ya wale 21 waliishi zaidi ya miaka 12. Haukuwa umewahi kuonekana ushahidi wa wazi kama huo kwamba saratani iliyoenea mwilini inaweza kurudishwa nyuma kwa kubadilisha kemia ya mwili.

Sitaki muondoke mkidhani ulikuwa ushindi mtupu. Mwanamume aliyeondolewa korodani hupoteza hamu ya tendo la ndoa, hupatwa na joto la ghafla, na mifupa hudhoofika kadiri miaka inavyopita. Estrojeni ya kutengenezwa, iliyotumika kwa miongo kadhaa kwa sababu ilimwepusha mtu na kisu, ilikuja kugundulika katika miaka ya 1960 kuwa kwa dozi kubwa inaua watu kwa magonjwa ya moyo na mishipa. Na kubwa kuliko yote, kwa wagonjwa walio wengi saratani ilirudi.

Huggins aliliona hilo mapema na hakulikwepa. Akawaza kwamba tezi zilizo juu ya figo nazo hutoa homoni za kiume, kidogo lakini zipo. Mwaka 1945, pamoja na William Scott, aliziondoa kwa wagonjwa wachache. Kotisoni, dawa inayochukua nafasi ya homoni za tezi hizo, haikuwa imepatikana bado, na bila tezi hizo, bila dawa ya kuziba pengo lake, mwili hauhimili. Jaribio lile lilishindwa. Ilipopatikana kotisoni, akarudia mwanzoni mwa miaka ya 1950, safari hii nafuu ikaonekana zaidi kwa wanawake wenye saratani ya matiti.

Mwaka 1951 ilianzishwa Maabara ya Ben May hapo Chicago, akaiongoza hadi 1969. Chini ya paa hilo Elwood Jensen aligundua kipokezi cha estrojeni, na Shutsung Liao akafuatilia kipokezi cha homoni za kiume. Kwa lugha nyepesi, walipata kitasa ambacho homoni ni ufunguo wake. Tuzo ya Nobel ilimfikia Huggins mwaka 1966, miaka 25 baada ya taarifa zile. Aligawana na Peyton Rous, ambaye ugunduzi wake wa virusi vya saratani kwa kuku ulikuwa wa mwaka 1911! Huggins alifariki Chicago mwaka 1997, akiwa na miaka 95.

Kuna jambo hakuishi kuliona. Wazo lake la 1945 halikuwa na kosa. Saratani inayorudi baada ya korodani kuzimwa mara nyingi bado inakula homoni, nyingine kutoka tezi za juu ya figo, nyingine inajitengenezea yenyewe ndani ya uvimbe. Mwaka 2011 Marekani iliidhinisha abirateroni, dawa inayofunga kimeng'enya kinachohitajika kutengeneza homoni hizo popote zinapotengenezwa. Mgonjwa anameza vidonge, pamoja na steroidi kidogo, dawa ya jamii ya kotisoni, ya kuziba lile pengo lililowaangusha wagonjwa wa 1945. Na daktari wake, badala ya fosfatasi asidi, anasoma PSA, protini nyingine ya tezi ileile, katika damu ileile, akingoja kuona kama namba imeshuka.

Lakini baadhi ya seli huzoea hata abirateroni, na namba hupanda tena. Kwa nini, na kwa njia zipi? Ninyi mlioko hapa mbele mtakaa na swali hilo kuliko mimi. Naona mikono imeshainuka. Tuanze na dada aliye karibu na dirisha.