Kodi ya nyumba Toronto: leo nawajibu

Habari zenu jamani. Leo hata poda sijapaka. Nimetoka zamu ya usiku, nimekaa hapa jikoni kwangu, nikasema nizungumze na nyinyi kabla sijalala. Kila nikiweka video, iwe ya soko, iwe ya theluji, swali la kwanza ni lile lile: "Dada, chumba huko bei gani?" Nimelikwepa karibu mwaka mzima kwa sababu najua kitakachofuata. Nikitaja bei, nusu yenu mtasema naringa, nusu mtasema nalialia wakati hakuna aliyenilazimisha kupanda ndege. Basi semeni. Leo naitaja.

Nalipa dola 1,849 na senti 10 kwa mwezi. Chumba kimoja, sebule, jiko na bafu. Niko Scarborough, mashariki mwa Toronto, jengo la zamani, kwa basi dakika kumi mpaka stesheni ya Kennedy. Tukipiga dola moja ya Kanada kwa shilingi 1,800 hivi, ni kama milioni tatu na laki tatu za Tanzania, kila mwezi. Najua kwa wewe wa Mbagala unayelipa elfu hamsini ya chumba, hiyo ni kodi ya miaka mitano na ushee.

Sasa kabla hujaandika kwamba mambo yangu safi, chukua kalamu. Kima cha chini cha mshahara hapa Ontario, kuanzia Oktoba 2025, ni dola 17.60 kwa saa. Piga saa 40 kwa wiki, piga wiki nne, unapata 2,816, na hapo serikali haijakata chake. Toa kodi ya nyumba. Toa 156 za pasi ya mwezi ya mabasi na treni. Toa simu, toa chakula, toa bima ya mpangaji. Mimi nahudumia wazee, napata zaidi kidogo ya kima cha chini, na bado mwezi ukifika tarehe 25 nahesabu.

Nasema haya kwa sababu kuna ndugu yangu, simtaji, aliandika kwenye grupu la familia mbele ya watu wazima: "Mtu anayelipa milioni tatu za nyumba anashindwaje laki mbili za mchango wa harusi?" Nililia siku ile. Nilitoa laki na nusu, na nilikuwa nimetoka kununua buti za baridi. Milioni tatu hizo sizili mimi. Zinapita kwangu zikielekea kwa mwenye nyumba. Kama angekuwa amenipigia simu akaniuliza, ningemsomea hesabu yote, sina siri.

Lakini kodi yenyewe sikutaka kuifanyia video nzima. Nilichotaka mkijue ni kwamba huku mtu ananyimwa nyumba na pesa anayo benki. Mimi nilinyimwa mara kumi na moja. Nilihesabu. Nilikuja Septemba 2021 kusoma, nina ada, nina kodi, nina barua ya chuo, nina taarifa ya benki. Kila nilipokwenda naambiwa lete barua ya mwajiri, lete slipu za mshahara, lete ripoti ya krediti, lete mdhamini anayeishi Kanada.

Ngoja niwaeleze krediti, maana wengi mnadhani ni mkopo tu. Mnaijua Songesha, na ndugu zetu wa Kenya mnaijua Fuliza. Ukikopa ukarudisha kwa wakati, kiwango chako kinapanda, ukichelewa kinashuka. Huku malipo yako ya kadi ya mkopo ya benki, ya mkopo wa gari, mara nyingi hata ya simu, yanaandikwa na kampuni mbili, Equifax na TransUnion, halafu unakuwa na alama kati ya 300 na 900. Mwenye nyumba anataka kuiona hiyo alama. Mgeni aliyeshuka juzi hana alama kabisa, na wenye nyumba wengi wanamweka fungu moja na mtu aliyekimbia madeni.

Hapo ndipo ninapoumia mpaka leo. Temeke nilikuwa mweka hazina wa kikoba miaka sita. Wanawake 25 waliniachia sanduku la hela zao, na haijawahi kupungua hata shilingi. Nyumbani ukihamia mtaa mpya unabeba barua ya mwenyekiti wa serikali ya mtaa, mjumbe anakujua, mambo yanakwenda. Huku nilitamani mtu mmoja tu ampigie simu mama Temeke amuulize mimi ni nani. Hakuna aliyekuwa na haja ya kuuliza. Na Tume ya Haki za Binadamu ya Ontario inasema kabisa kwamba kukosa historia ya krediti kusichukuliwe kuwa ubaya wa mpangaji. Ila mwenye nyumba hakwambii sababu. Anakwambia nyumba imeshachukuliwa.

Mara ya kumi na mbili nikapata dalali. Na huku dalali hulipwa na mwenye nyumba, hilo niwasifie. Ile ya Dar ya kumpa dalali kodi ya mwezi mzima kwa kukuonyesha mlango mpangaji hana. Akaniambia: kwa kuwa huna krediti, lipa miezi sita mbele, funguo unapata leo.

Mimi nimetoka Dar es Salaam. Miezi sita nimeilipa tangu nianze kupanga. Kuna wenye nyumba walionidai mwaka. Kwa hiyo sikushtuka hata kidogo, nilifurahi. Dola 1,300 mara sita, 7,800. Nikatuma siku ile ile, nikarudi nikampigia mama kumwambia nimepata nyumba.

Nyumba yenyewe ilikuwa beismenti, yaani ile sehemu ya chini, madirisha yako usawa wa nyasi. Mwenye nyumba anaishi juu na familia yake. Kitufe cha kuongeza joto kiko juu kwake. Na mkataba ulisema kodi, pamoja na asilimia 40 ya haidro. Nikajua haidro ni maji. Maji nitatumia kiasi gani mimi, mtu mmoja? Nikasaini. Jamani, Ontario haidro ni umeme. Andikeni mahali.

Januari ikaja. Nje hasi 20. Ndani, kipimajoto nilichonunua mwenyewe kinasoma 15. Nikapanda juu kugonga, nikaambiwa kwao juu joto linatosha, watoto wanatoka jasho. Na kweli joto linapanda juu, wao walikuwa sawa. Nikanunua hita ya umeme, nikalala nayo miguuni, bili ya haidro ilipokuja ndipo nikajua nimesaini nini. Kipindi hicho kanuni ya jiji la Toronto ilikuwa ipo, kwamba mwenye nyumba ahakikishe msimu wa baridi ndani hakushuki chini ya nyuzi 21. Kuna namba ya jiji, 311, unapiga unalalamika, mkaguzi anatumwa. Sikujua. Na hata ningejua sidhani kama ningepiga, maana kodi yangu mpaka mwisho wa Februari alikuwa nayo yeye mfukoni. Mtu ukishamlipa miezi sita unamwambia nini? Utahama uende wapi, na kwa hela gani?

Aliyenifumbua macho ni mama mmoja wa Kifilipino tuliyekuwa zamu moja. Tulikuwa tunakunja mashuka, nikamsimulia tu, akaacha kukunja. Akaniambia haiwezekani, hapa mwenye nyumba anaruhusiwa kuchukua kodi ya mwezi wa kwanza na amana ya mwezi wa mwisho, basi. Amana ya kufidia uharibifu, ile ya "ukivunja kitu nitaikata", hairuhusiwi Ontario. Ya funguo inaruhusiwa, lakini isizidi gharama ya kuzichonga upya na akurudishie ukitoka. Na ile ya mwezi wa mwisho anatakiwa akulipe riba yake kila mwaka. Akanionyesha fomu ya mkataba ya serikali, ambayo tangu tarehe 30 Aprili 2018 ndiyo inayotakiwa kutumika kwa mikataba mingi ya nyumba za kupanga. Wangu ulikuwa karatasi mbili zilizochapwa nyumbani.

Malalamiko ya namna hii yanakwenda Bodi ya Wenye Nyumba na Wapangaji, ndani ya mwaka mmoja tangu hela ilipochukuliwa. Mimi niliyajua haya mwezi wa kumi na nne tangu nilipe.

Sasa kuna watakaosema, "Lakini dada, ulikaa hiyo miezi sita, hela haikupotea." Kweli, nilikaa. Ila nilikaa nikiwa sina akiba ya dola 200 katika nchi nisiyo na shangazi wala mjomba, na nikaogopa kudai joto. Kwangu mimi hiyo ni hasara.

Hapa nilipo sasa nilipata mwaka 2023. Nilichukua kadi ya mkopo ya benki, ile ya kuweka dhamana, nikaweka dola zangu 500, nikawa nainunulia pasi ya basi na mafuta ya kupikia tu, kila mwezi nailipa yote kabla ya tarehe. Mwaka na nusu, alama ikafika 712. Hiyo ni njia yangu. Kuna waliopata mdhamini kanisani, kuna waliopanga chumba kwa Mtanzania mwenzao wakakaa vizuri, na kuna waliodhulumiwa na Mtanzania mwenzao. Siwezi kukwambia ufanye nini, maisha ya kila mtu yana hesabu zake.

Ila kuna kitu kimoja ulizia popote utakapokwenda hapa Ontario: nyumba ilianza kukaliwa lini? Kama ni kabla ya tarehe 15 Novemba 2018, kodi inaongezwa mara moja tu kwa miezi 12, kwa barua ya siku 90 kabla, na isizidi kiwango cha serikali bila kibali cha Bodi. Mimi nilianza na 1,760. Mwaka 2024 asilimia 2.5, mwaka 2025 asilimia 2.5, ndiyo ikafika hii. Barua ya 2026 ninayo hapa, asilimia 2.1, nitakuwa nalipa 1,887 na senti 93. Rafiki yangu alikuwa kwenye kondo mpya, yaani fleti za kisasa, vioo vitupu, pazuri kwa kupiga picha, aliongezewa dola 350 kwa mkupuo. Barua ya siku 90 alipewa, na kiwango hicho hakimlindi yeye. Amehama. Kwa hiyo mkiniona kwenye jengo hili lenye lifti inayokwama na mashine za kufulia za sarafu, nimelichagua.

Nafunga kwa wewe mdogo wangu wa Tandika uliyeniandikia jana usiku. Umesema umetumiwa picha za chumba, kizuri, karibu na chuo, na mwenyewe anataka umtumie dola 900 kabla hujapanda ndege ili akushikie. Usitume. Hata akikwambia kuna mwingine anakitaka, usitume. Niandikie hiyo anwani. Kesho sina zamu, nitapanda basi niende nikaugonge huo mlango nione nani anafungua.