Tunachapa Maboksi ya Shaker kwa Skrini, Nakala 25 Tu

Karibuni sana. Leo tunachapa picha kwenye karatasi kwa skrini, yaani wavu laini uliokazwa kwenye fremu, wino ukipenya humo hadi kwenye karatasi; rangi nne, nakala 25 basi. Mchoro wetu ni maboksi matatu ya mbao yaliyopandana, yale ya duaradufu waliyokuwa wakitengeneza watu wa Shaker kule Marekani. Kabla ya kugusa wino, tulitazame kwanza boksi lenyewe. Usipolielewa utalijaza mapambo, na mafundi wa Shaker hawakutaka pambo lisilo na kazi.

Shaker ni jamii ya Kikristo iliyoishi pamoja, mali ikiwa ya wote, bila kuoa wala kuolewa. Ann Lee, kiongozi wao, alitoka Manchester, Uingereza, akafika New York mwaka 1774 na wafuasi wachache. Baadaye vijiji vyao vikasimama Mount Lebanon, Hancock, Canterbury, mpaka Pleasant Hill huko Kentucky.

Sasa sogea karibu, tazama ubavu wa boksi. Huu ni ubao mwembamba wa mti wa mepo. Umelowekwa kwenye maji ya moto hadi ukalainika, ukazungushwa kwenye kalibu, na ncha yake ya nje imekatwa vidole virefu vilivyochongoka. Vidole hivi vinapendeza, ni kweli, lakini sababu yake ni nyingine: mbao hutanuka na kusinyaa kadiri hali ya hewa inavyobadilika. Ncha ikiachwa nzima, itajikunja au kupasuka. Ikikatwa vidole, kila kidole kina nafasi yake ya kutanuka. Misumari ni ya shaba, maana chuma kingeshika kutu na kutia doa. Kifuniko na kitako ni msonobari. Kwa hiyo vidole na misumari ndivyo vitakavyobeba picha yetu. Usiongeze maua.

Chora kwa penseli kwanza. Kisha tenganisha rangi: kila rangi na karatasi yake ya plastiki angavu, umejaza kwa wino mweusi usiopitisha mwanga. Boksi la chini njano, la kati jekundu, la juu buluu, zote ni rangi ambazo Shaker waliyapaka maboksi yao. Ya nne ni kahawia iliyokolea, ya mistari, vidole na misumari. Rangi zile tatu ziingie kidogo chini ya mstari wa kahawia, nusu milimita inatosha, ili karatasi ikisogea usione ufa mweupe.

Skrini ya kuchapia karatasi iwe na nyuzi 90 za wavu kwa kila sentimita. Ile ya nyuzi 43 waachie wachapaji wa fulana. Ioshe mafuta yatoke, ikauke. Kwenye chumba chenye mwanga hafifu wa njano, paka emulsheni, dawa inayogandishwa na mwanga, nyembamba pande zote mbili, uikaushe gizani ikiwa imelala. Ikishakauka, weka ile plastiki uliyoichora kwa ajili ya rangi ya njano upande utakaogusa karatasi, bana kwa kioo, choma kwa mwanga. Muda unategemea taa na emulsheni yako, kwa hiyo jaribu kwanza kwenye kipande kidogo. Ukiosha kwa maji, pale weusi ulipozuia mwanga emulsheni itatoka, na hapo ndipo wino utakapopita.

Kata karatasi zote leo. Chagua za pamba, gramu 300 kwa mita ya mraba, nawe ukate 32, kwa sababu nyingine zitaharibika njiani. Hapa naomba unisikilize vizuri: tunatumia fremu moja tu. Tukimaliza njano tunaifuta, tunachoma nyekundu juu ya wavu uleule. Ukishafuta njano hakuna kurudi nyuma. Idadi unaiamua sasa, na mnunuzi anayeambiwa nakala ni 25 anapata ukweli.

Funga fremu mezani kwa bawaba. Bandika sarafu kwenye pembe za mbele ili wavu uelee milimita mbili au tatu juu ya karatasi. Wavu uguse pale tu skwiji, kibao chenye ukingo wa mpira cha kuvutia wino, inapopita, kisha ujinyanyue wenyewe. Wavu ukilala juu ya karatasi, wino utachafuka. Gundisha vipande vitatu vya kadi mezani, viwili upande mrefu na kimoja upande mfupi, na kila karatasi iegemee hapohapo kwa rangi zote nne.

Wino wa maji unafaa. Ukiwa mahali pa joto, Mombasa au Dar, changanya dawa ya kuchelewesha kukauka, la sivyo wavu utaziba kabla hujafika nusu. Inua fremu, sambaza wino bila kukandamiza. Shusha. Shika skwiji kwa mikono miwili, uiinamishe digrii 45 hivi, vuta kuelekea kwako kwa nguvu ileile mwanzo hadi mwisho. Mara moja tu, usirudie.

Zianike, zikauke kabisa, ndipo uende nyekundu, kisha buluu. Kahawia ni ya mwisho, na hapa usiharakishe. Baada ya kila nakala, angalia ncha za vidole. Zikianza kunenepa, wino umepenya chini ya wavu: futa upande wa chini kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, vuta moja kwenye gazeti, endelea.

Zikishakauka, zipange mezani, toa zote zenye kasoro. Chagua 25 zinazofanana. Kwa penseli, chini kushoto andika 1/25, 2/25 na kuendelea, kulia weka sahihi. Zikibaki mbili nzuri, ziandike nakala za msanii na usizihesabu humo. Zenye kasoro zichane, plastiki zote nne zikate vipande, halafu futa emulsheni ya kahawia leoleo, kabla haijagandia kwenye wavu.