Jicho Huruka, Ulimi Hauruki: Mazungumzo ya Kusoma na Kurekodi Mashairi, Amu

SHEE: Assalaam alaykum, msikilizaji wetu popote ulipo. Mimi ni Shee, niko hapa Amu, yaani Lamu, na pamoja nami ni mwalimu wangu. Bi Mwanaisha, shikamoo.

BI MWANAISHA: Marahaba, mwanangu. Waalaykum salaam, wasikilizaji.

SHEE: Leo tunazungumza raha ya kusoma mashairi kwa sauti na kuyarekodi. Nianze moja kwa moja. Mtu akisoma shairi kimya kimya peke yake, anakosa nini?

BI MWANAISHA: Anakosa kuamua. Jicho lina ruhusa ya kuruka. Ukikuta neno gumu unalipita, ukikuta ubeti mzito unasema nitaurudia, kisha huurudii. Ulimi hauna ruhusa hiyo. Ukishafungua kinywa, ni lazima uchague: nivute pumzi hapa au nisonge mbele? Huyu anayesema amekasirika au anabembeleza? Mimi naamini kabisa kwamba shairi ambalo hujalisoma kwa sauti bado hujalisoma.

SHEE: Tupe mfano, Bi Mwanaisha.

BI MWANAISHA: Chukua Utendi wa Mwana Kupona, wa mwaka 1858. Sote tunaambiwa ni mawaidha ya mama kwa binti yake, basi wasomaji wengi wanausoma kwa sauti ya khatibu aliye juu ya mimbari. Lakini sikiliza anavyoanza yule mama! Anasema maradhi yamemshika hata yametimu mwaka. Anamwita binti asogee, aje na wino na karatasi. Huyo ni mgonjwa, Shee. Ni mjane wa Bwana Mataka, mtawala wa Siyu katika kisiwa cha Pate, anazungumza na mtoto aliye karibu naye. Mgonjwa hapazi sauti. Sasa wewe unayetaka kuurekodi, utaanza kwa sauti gani?

SHEE: Ya chini.

BI MWANAISHA: Ya chini, naam, na ya taratibu. Na kuna beti zaidi ya 100 mbele yako, kwa hiyo ukianza kwa kishindo utaishiwa nguvu kabla hujafika katikati. Hayo yote hayakusumbui ukisoma kwa macho.

SHEE: Na hizi tenzi zenyewe ziliandikwa kwa hati za Kiarabu.

BI MWANAISHA: Ndiyo, na katika hati nyingi za zamani herufi moja, ba, ilibebeshwa b, p na mb. Ilikuwa shida kwa mtu ambaye hajapata kuusikia utenzi kuusoma vizuri kutoka kwenye karatasi peke yake. Karatasi ilimkumbusha mtu aliyekwisha kusikia. Kwa hiyo anayesema kughani, yaani kusoma shairi kwa mahadhi, ni pambo tu la sherehe, mimi sikubaliani naye. Sauti ilikuwa sehemu ya kuandika.

SHEE: Tufanye zoezi basi. Umetutungia ubeti.

BI MWANAISHA: Nimeutunga kwa ajili ya kipindi hiki. Mtepe ni jahazi la kale la kushonwa kwa kamba. Ubeti ni wa utenzi, vipande 4, kila kipande mizani 8, yaani silabi 8. Vipande 3 vya mwanzo vina kina kimoja, na cha nne kina kina cha bahari, kile kinachokwenda na utenzi wote.

*Mtepe watoka Amu,*
*umepakia kwa zamu*
*mashairi ya kudumu,*
*Siyu wayasubiriya.*

SHEE: Mashallah. Hebu na mimi nijaribu. *Mtepe watokamu…*

BI MWANAISHA: Simama hapo hapo! Hesabu mizani yako.

SHEE: Te-pe-wa-to-ka-mu… ni 6.

BI MWANAISHA: Mbili zimekwenda wapi? Ya kwanza umeimeza mwanzoni kabisa. Ile m ya mtepe ni mizani nzima peke yake: m-te-pe, tatu. Midomo ifunge, sauti isikike puani, ndipo uende kwenye te. Ya pili imepotea pale irabu mbili zilipokutana, watoka na Amu. Katika mazungumzo tunaziunganisha, hakuna ubaya. Katika utenzi kila moja inadai haki yake: to-ka-a-mu. Sema tena.

SHEE: *Mtepe watoka Amu.*

BI MWANAISHA: Sasa imetimia nane. Umesikia inavyokaa?

SHEE: Nimesikia, na hata mwili umetulia. Sasa kipande cha pili kinanipa shida. Nikisimama baada ya zamu, msikilizaji atadhani nimemaliza. Lakini mtepe umepakia nini? Jawabu liko kipande cha tatu.

BI MWANAISHA: Hapo umefika penyewe, na hapo ndipo ninapopapenda kuliko pote. Ukisimama kabisa, maana imekatika. Ukiunganisha mbio mbio, kina cha -mu kimezama na msikilizaji hakukionja. Fanya hivi: fika kwenye zamu, livute kidogo, lakini sauti usiishushe. Iache juu. Sikio litajua kwamba kuna neno linakuja. Halafu ingia *mashairi ya kudumu*. Sauti utaishusha kwenye kina cha bahari tu, *wayasubiriya*.

SHEE: *Umepakia kwa zamuu… mashairi ya kudumu, Siyu wayasubiriya.*

BI MWANAISHA: Ahsante! Hiyo ndiyo raha ninayoisema. Umeujua ubeti kwa koo lako.

SHEE: Na kurekodi kunaongeza nini juu ya kusoma?

BI MWANAISHA: Kunakupa nafasi ya kukaa upande wa msikilizaji. Ukisoma hujisikii sawasawa, kwa sababu sauti yako mwenyewe inakufikia pia kupitia mifupa ya kichwa. Ndiyo maana watu wakisikia rekodi yao wanaikana. Wavumilie. Wakisikiliza tena na tena wataacha kuisikia sauti na wataanza kulisikia shairi.

SHEE: Mambo ya ufundi nitayapitia haraka. Simu iweke umbali wa shubiri moja, pembeni ya mdomo, isikukabili, maana p na t zetu za Kiamu zina pumzi na zinapiga kwenye maikrofoni. Weka hali ya ndegeni. Nyumba zetu za mawe kuta zake ni nene, zinazuia kelele za nje vizuri, lakini chumba kitupu cha chokaa kina mwangwi, basi tandika godoro, angika blanketi. Usiku umeingia, maboti yametulia, punda wamelala, ndiyo saa yenyewe. Na ukituma kwa WhatsApp, rekodi kwanza kwa programu ya kurekodi, kisha uitume kama faili. Ujumbe wa sauti wa kawaida unabanwa na sauti inapungua uhai.

BI MWANAISHA: Sisi hatukuwa na hayo. Tulikuwa na kaseti, na kaseti zilifanya kazi kubwa. Miaka ya 1970 mashairi ya siasa ya hapa Amu yalirekodiwa yakazunguka mkono kwa mkono. Na tenzi za Ustadh Mau, yaani Mahmoud Ahmed Abdulkadir, wako watu waliozijua kwa masikio kabla ya kuziona kwenye karatasi. Na hapa kwetu si ajabu mtunzi awe mmoja na msomaji mwingine. Mwenye sauti nzuri anapewa shairi alighani, na heshima wanagawana.

SHEE: Wako pia LibriVox, watu wa kujitolea walioanza mwaka 2005, wanaosoma na kurekodi vitabu visivyo na hakimiliki tena. Wana desturi ya kutoa shairi moja kila wiki, na yeyote anayetaka anarekodi lile lile. Unasikia shairi moja kwa sauti nyingi, kila moja imeamua njia yake.

BI MWANAISHA: Hilo nalitaka hapa. Shairi moja, wa Siyu alisome, wa Faza alisome, wa Malindi alisome.

SHEE: Basi tuanze na ubeti wako wa mtepe. Wasikilizaji, rekodini, mtutumie. Masharti, Bi Mwanaisha?

BI MWANAISHA: Mizani zitimie. Lahaja mtu asome ya kwao, asijilazimishe ya redioni. Na mabibi wenye sauti za uzee wasione haya, wao ndio ninaowataka zaidi.