Tuta Likibomoka, Msikimbilie Jembe

Ndugu wafugaji wa samaki, nianze na pengo lenyewe, maana hapo ndipo wengi tunakosea. Mvua za Machi hadi Mei zikishabomoa tuta la bwawa lililotelekezwa, mtu huchota tope la humo humo bwawani akaziba. Tope hilo limejaa majani yaliyooza. Likikauka linasinyaa, maji yanapata upenyo, na mvua za Septemba zinalichukua tena.

Panueni pengo kwanza. Kateni kingo zake ziwe ngazi ngazi mpaka mfikie udongo mzima, mkang'oe visiki vyote. Mzizi wa mkaratusi ukioza ndani ya tuta unaacha bomba tupu, na mara nyingi bomoko lilianzia hapo. Chini ya pengo chimbeni mtaro wa nusu mita, kina na upana, mjaze udongo wa mfinyanzi. Kuujua ni rahisi: fanyeni donge bichi kama chungwa, lirusheni juu, mlidake. Likisambaratika, mchanga umezidi. Udongo wa kichuguu unafaa sana, ila hakikisheni mchwa wamekwisha hama.

Jazeni kwa tabaka za sentimita 15 hadi 20, zenye unyevu lakini zisizoteleza, na kila tabaka lishindiliwe kwa gogo mpaka kisigino kisizame. Tuta lizidi maji kwa sentimita 30 au zaidi. Juu pandeni nyasi za pasipalamu, si miti.

Bomba la kupunguzia maji lichungulieni kila mvua ikinyesha. Majani yakiziba wavu wake, maji hupanda yakapita juu ya tuta, na hakuna tuta la udongo linalovumilia hilo. Upande wa mlimani chimbeni mfereji wa kukinga maji ya mashambani.

Tope la sakafuni bakizeni kama sentimita 10. Linalozidi pelekeni kwenye migomba ya matooke. Anikeni sakafu mpaka ipasuke, kisha nyunyizeni chokaa ya kilimo, kilo 10 hadi 15 kwa kila mita mraba 100.

Mkishajaza maji na kutia samadi, zamisheni mkono. Kiganja kikipotea maji yakiwa kwenye kiwiko, rangi ya kijani ya maji inatosha. Kikipotea maji yakiwa kwenye kifundo cha mkono, acheni samadi.

Vifaranga vya ngege (tilapia), wawili kwa mita mraba, vitafuteni kwa wazalishaji wanaoaminika. Kituo cha utafiti wa ufugaji samaki cha Kajjansi, Uganda, ni pa kuulizia. Lakini kabla ya kujaza maji pekueni kila dimbwi lililobaki, hata lenye kina cha goti. Kambare anapumua hewa, anajificha topeni, na mmoja tu aliyesalia atawameza vifaranga hao wote.