Mikate ya Kuoka Yenye Nyama na Kabichi: Ifunge Isipasuke

Karibuni sana. Leo tunaoka mikate midogo ya hamira iliyojazwa nyama ya kusaga na kabichi. Ni chakula kamili unachokishika mkononi, na mimi nakipenda kuliko mkate mwingine wowote wa kujaza. Wengi wanaojaribu hukwama mahali pamoja: mkate unapasuka ukiwa ovenini, au unatoka na rangi nzuri juu huku chini ukiwa mbichi. Karibu kila mara chanzo ni maji ya kabichi, kwa hiyo hapo ndipo tutakapokaa zaidi.

Tuanze na donge, maana linahitaji muda wa kuumuka. Kwenye bakuli weka unga wa ngano gramu 500, hamira ya chengachenga gramu 7, sukari vijiko 2 vya chakula, na chumvi kijiko kimoja cha chai na nusu. Changanya. Pasha maziwa mililita 250 na siagi gramu 60 mpaka siagi iyeyuke, kisha subiri yawe ya uvuguvugu. Chovya kidole, joto liwe la kupendeza, lisikuunguze. Maziwa ya moto yanaua hamira, na ikishakufa hata ukisubiri mpaka jioni donge halipandi. Mimina maziwa kwenye unga, vunjia yai 1, anza kukanda.

Mwanzoni linanata, unaona? Usikimbilie kuongeza unga, mkate utakuwa mgumu. Kanda dakika 10 hivi na litaachia mikono lenyewe. Likiwa laini na linavutika bila kukatika upesi, lipake mafuta kidogo, lifunike, uliache liumuke hadi liwe mara mbili. Kwa kawaida ni kama saa moja, ila kukiwa na baridi litachelewa. Angalia ukubwa wake, usiangalie saa.

Sasa nyama ya kujazia. Chukua kikaango kipana, kwa sababu kwenye chombo chembamba mvuke unakosa pa kutokea na nyama inajichemsha kwa maji yake. Moto uwe mkali. Weka nyama ya kusaga gramu 500 bila mafuta, itandaze, halafu iache dakika 2 bila kuigusa. Ile rangi ya kahawia inayoshika chini ndiyo ladha yenyewe. Ndipo uivunjevunje. Ikitoa mafuta mengi, yachuje ubakize kama kijiko kimoja.

Ongeza vitunguu maji 2 vilivyokatwa vidogo na punje 3 za kitunguu saumu. Vikilainika, weka kabichi gramu 400. Tazama nilivyoikata: nyembamba, kisha nikazipitishia kisu tena zile nyuzi ziwe fupi. Ukiacha nyuzi ndefu, unauma mara moja na nyama yote inavutwa nje ya mkate. Tia chumvi kijiko 1 cha chai na pilipili manga kijiko 1 cha chai kilichojaa. Pilipili manga ndiyo kiungo kikuu hapa, usiionee huruma.

Zaidi ya asilimia 90 ya kabichi ni maji, na chumvi inayavuta yatoke. Tunataka yatoke sasa hivi, yaishie kwenye kikaango. Kwa hiyo usifunike. Pika ukigeuza kwa dakika 12 hadi 15, kisha fanya hivi: sogeza nyama upande mmoja na uinamishe kikaango. Bado naona majimaji yanatiririka, basi narudisha motoni. Yakikauka, onja. Chumvi na pilipili zizidi kidogo kuliko ungependa kwenye nyama ya kula hivihivi, kwa sababu mkate utapunguza makali.

Tandaza kwenye trei ipoe kabisa. Hapa naomba usiharakishe. Nyama yenye moto inayeyusha siagi iliyo ndani ya donge, donge linalegea, na ulipofunga panafunguka.

Donge limeumuka. Lipige litoe hewa, ligawe vipande 12 vya kama gramu 75, viringisha, funika dakika 10. Sukuma kila kimoja kiwe duara la sentimita 12 au 13, kingo ziwe nyembamba kuliko katikati, kwani kingo zote zitakutana chini ya mkate na hatutaki donge nene lisiloiva. Weka katikati vijiko 3 vya chakula vya nyama. Acha ukingo wa sentimita 2 ukiwa safi. Mafuta yakigusa ukingo, haushikani. Kutanisha pande mbili zinazotazamana, bana. Kutanisha zile nyingine mbili, bana. Kisha kusanya pembe zilizobaki katikati kama unavyofunga mdomo wa kifurushi, na ubane kwa nguvu. Geuza, mshono ukae chini.

Mikate hii ilifika Marekani na Wajerumani waliokuwa wakiishi kando ya mto Volga huko Urusi, waliohama kuanzia miaka ya 1870. Katika jimbo la Kansas mara nyingi huifanya ya mviringo hivi, na katika jimbo la Nebraska huifanya mirefu. Ukitaka mirefu, sukuma mstatili. Ufungaji ni uleule.

Ipange kwenye trei yenye karatasi ya kuokea, iachiane sentimita 5, funika dakika 20. Wakati huo washa oveni nyuzi 190 za Selsiasi. Ipake yai lililopigwa, oka dakika 20 hadi 25. Rangi ya juu isikudanganye: inua mmoja utazame chini, nako kuwe kahawia. Ikitoka, ipake siagi ikiwa bado ya moto ili ganda liwe laini, na usubiri dakika 10 kabla ya kuuma, ndani pana joto kali.

Itakayobaki, ikishapoa, hukaa siku 3 kwenye friji, au miezi 3 kwenye friza ukifunga kila mmoja peke yake. Iliyotoka kwenye friji ipashe ovenini kwa nyuzi 175, dakika 15. Iliyoganda ifunge kwa foili na uipe dakika 30, ukifungua foili dakika 5 za mwisho ili ganda likauke.